Chumba Kimejaa Unga, Karo Haijalipwa

“Shangazi, naishi Likoni na mume wangu na watoto watatu. Mwaka wa 2020 korona ilipoingia, hoteli aliyokuwa akifanyia kazi Diani ilifungwa, tukawa tunalala njaa. Baadaye alipata kazi tena, lakini tangu hapo redio ikitaja tu ugonjwa mpya, anakimbilia duka la jumla. Mwezi huu amenunua mabunda manane ya unga na gunia la maharagwe kwa pesa za karo. Unga wa awali uliingia wadudu, nikaumwaga. Nikilalamika, ananiambia nimesahau njaa. Nifanyeje?”

Shangazi kwanza anamtetea mume. Hofu yake ina chimbuko. Machi 27, 2020, siku kafyu ilipoanza, abiria kwenye feri ya Likoni walipigwa na kurushiwa vitoa machozi na polisi hata kabla saa ya kafyu, saa moja jioni, haijafika. Aprili 8, Mombasa ikafungwa. Mei 6 ikawa zamu ya Mji wa Kale: hakuna kuingia wala kutoka, hadi mwanzoni mwa Juni. Baba aliyepitia hayo watoto wake wakiwa na njaa hatatulizwa kwa kuambiwa yamepita.

Hata hivyo, kuna jambo ambalo hofu imemficha. Amri ya kufunga Mombasa ilizuia watu. Malori ya mizigo, chakula kikiwemo, yaliruhusiwa kupita. Safari za ndege za kimataifa zilisimamishwa Machi 25 na hazikurudi hadi Agosti 1, kwa hiyo hoteli za Pwani zikakosa wageni na wafanyakazi wakakosa mishahara. Njaa iliingia nyumba hiyo kwa mlango wa mshahara. Unga ulikuwepo dukani, pesa ndizo zilizokosekana.

Ndiyo maana ununuzi wa mwezi huu haumlindi. Bunda moja lina pakiti 12 za kilo mbili. Mabunda manane ni pakiti 96, kilo 192. Hata ikipikwa pakiti nzima kila siku, unga huo utachukua zaidi ya miezi mitatu kwisha, katika joto na unyevu wa Pwani. Na ugonjwa ukija kweli, unga hautalipa kodi ya nyumba, dawa wala nauli.

Pupa ya watu wengi kwa pamoja pia huwaumiza majirani. Machi 2020, Rwanda ililazimika kupanga bei za vyakula 17, mchele na sukari vikiwemo, kwa kuwa wafanyabiashara walianza kupandisha bei wateja walipokimbilia maduka.

Kuweka akiba si kosa. Anayenunua unga wa kupimiwa kila jioni hulipa zaidi kwa kilo kuliko anayenunua kwa jumla. Shangazi anapendekeza akiba ya wiki mbili kwanza, kisha ifikishwe mwezi mmoja, kadiri Mji wa Kale ulivyofungwa. Ijengwe polepole: pakiti moja ya ziada leo, maharagwe kilo moja wiki ijayo, kutoka kwenye pesa za chakula pekee. Kila pakiti iandikwe tarehe ya kununuliwa, na iliyotangulia kuingia itangulie kupikwa.

Uhifadhi nao una kanuni zake. Pakiti na magunia yakae juu ya chaga, mbali na ukuta. Maharagwe makavu hudumu vizuri kwenye magunia ya PICS yenye tabaka tatu, ambayo huwanyima wadudu hewa wakafa bila dawa. Akinunua mahindi, atie kiganja kimoja pamoja na chumvi kavu kwenye chupa kavu ya glasi, atikise, aiache kwa muda: chumvi ikiganda kwenye glasi, mahindi hayo bado hayajakauka. Hili si dogo: mahindi yenye unyevu huota ukungu unaotoa sumukuvu. Mwaka wa 2004 sumukuvu kwenye mahindi iliua watu 125 nchini Kenya, wengi wao Makueni na Kitui. Chakula kilichoota ukungu kisipikwe, kwani kuchemsha hakuondoi sumu hiyo.

Mazungumzo na mume yasianze wakati wa taarifa ya habari, wala mbele ya watoto. Mke aanze kwa kumwambia kwamba anaikumbuka njaa ile vilevile, kisha wakae na daftari na kuandika mafungu manne: karo, kodi, chakula na dharura. Fungu la dharura libaki kuwa pesa, hata kama ni shilingi hamsini kwa siku, na lisiguswe kwa uvumi. Akiendelea kuchukua karo, aitwe mtu anayemheshimu, awe mjomba au mshenga wao, aketi nao.

Kwa sasa wabakishe mabunda mawili na kilo kumi za maharagwe. Mabunda yaliyosalia, ikiwa hayajafunguliwa, wamwombe mwenye duka ayapokee. Maharagwe yaliyosalia, na mabunda akiyakataa, wawauzie majirani na wanachama wa chama chao cha akiba kwa bei ileile ya kununulia. Pesa hizo ziende moja kwa moja shuleni kabla muhula haujaanza.