Nyumba Yetu na Pango la Noeli

Majuma ya Majilio yakianza, kila mwaka mtoto mmoja au wawili hunijia na kusema: «Bruda, kwetu hakuna franka za kununua mapambo. Pango tutalifanyaje?» Mimi humwuliza: «Kwenu kuna udongo? Kuna maji? Kuna ufagio?» Hujibu akicheka: «Ndiyo, Bruda.» Basi hakosi kitu.

Mjue kwanza asili ya pango. Mwaka 1223, katika kijiji cha Greccio, nchi ya Italia, Mtakatifu Fransisko wa Asizi alitaka watu waone kwa macho yao umaskini wa Mtoto Yezu. Hakununua sanamu. Aliomba hori, maana yake chombo cha kulishia ng'ombe, tena majani makavu, ng'ombe mmoja na punda mmoja. Watu wakaja usiku na mienge, wakasikiliza Misa hapo.

Lakini mtu anayengoja mgeni hufagia kwanza. Nimeona nyumba iliyotundikwa karatasi za rangi toka mlango mpaka dirisha, na chini ya kitanda mna takataka za mwezi mzima. Huko ni kuficha uchafu.

Anzeni hivi. Toeni vyote nje siku ya jua: mikeka, mablanketi, vikapu, vyungu. Nyunyizeni maji chini, halafu fagieni, vumbi lisiruke. Kisha tazameni ukuta kwa karibu. Mkiona nyufa, msizipite, kwa sababu humo hukaa papasi. Mdudu huyu hulala mchana katika nyufa na katika vumbi la sakafu. Usiku hutoka kunyonya damu ya watu waliolala. Anaweza kukaa miaka bila kula. Akikuuma, aweza kukutia homa kali. Homa hupoa siku chache, ukidhani umepona, kisha inarudi. Watoto wadogo na mama wenye mimba huumizwa nayo kuliko wengine. Daktari Mwingereza Joseph Everett Dutton aliichunguza homa hii huko Kongo pamoja na mwenzake Todd. Ilimshika yeye mwenyewe, akafa Kasongo mwaka 1905.

Kwa hiyo kandeni udongo na mchanga kidogo, mzibe nyufa zote, juu na chini. Ukuta ukikauka, pakeni udongo mweupe uliokorogwa na maji. Nyumba itakuwa na mwanga, na ufa mpya utaonekana upesi. Kitanda kisiguse ukuta. Mtu asiye na kitanda na atengeneze cha miti. Miti ya porini hailipiwi, lakini mwombeni baba ruhusa kabla ya kushika panga lake.

Sasa vitu virudi ndani, kila kimoja mahali pake. Matofali manne huku, manne kule, ubao mmoja juu yake: hiyo ni meza ya vyombo. Vijiti vilivyochongwa na kupigwa ukutani hushika nguo na vikapu. Mtungi wa maji ya kunywa uwe na kifuniko, na kata itundikwe, isilale chini. Mama hatatafuta tena kisu gizani.

Hapo ndipo tutengeneze pango. Chukueni udongo wa kufinyangia, ondoeni mawe na mizizi, changanyeni na mchanga laini kidogo, usipasuke. Finyangeni Yozefu, Maria, Mtoto, wachungaji, ng'ombe na punda. Msiwaanike juani! Wakauke polepole kivulini siku kadhaa. Rangi ziko karibu: makaa kwa nyeusi, udongo mwekundu, udongo mweupe. Nyumba ya pango iwe ya matete, ukumbi wake wa makuti mabichi ya mngazi. Kurasa za daftari zilizokwisha andikwa hukatwa vipande, vikafanywa pete na kushikamanishwa kuwa mnyororo. Gundi ni unga wa muhogo uliopikwa na maji. Mende nao huipenda gundi hiyo, basi tundikeni minyororo juma la mwisho tu.

Mshumaa usiwekwe ndani ya pango. Nilipokuwa kijana niliuweka, chini ya paa la majani makavu, nikatoka kuwaita wengine waje kutazama. Niliporudi, moto ulikuwa umekula nyota na wachungaji wa karatasi, nao ulikuwa ukilamba nguzo ya nyumba. Tuliuzima kwa maji ya kunywa, mtungi mzima. Mtoto Yezu wa udongo alibaki, mweusi kama chungu. Tulimwacha hivyo mpaka sikukuu ikaisha.

Wafalme waje tarehe 6 Januari, siku ya Epifania. Kabla ya hapo wawekeni mbali kidogo, kama watu walio njiani. Baadaye fungeni kila sanamu katika majani makavu ya mgomba, mtie zote katika kikapu, mkitundike juu, mbali na mvua na mbali na mbuzi.

Maulizo
Papasi hujificha wapi mchana?
Kwa nini sanamu za udongo hukaushwa kivulini?
Nyumbani kwenu, ni kitu gani kisicho na mahali pake? Utakiweka wapi?