Sauti, Kanieneo na Sikio la Mpiga Mbizi: Somo kutoka Kiwengwa



Likizo iliyopita nilikaa wiki mbili Kiwengwa, kaskazini mashariki mwa Unguja, kwa kaka yangu ambaye ni mpishi hotelini. Bahari ya kule wakati wa bamvua hukupwa mpaka ukadhani imehama. Kinamama hutoka kwenda kwenye mwani, na wengine hutafuta pweza miambani. Asubuhi moja nilimwangalia kijana aliyekuwa mbali kidogo akimpigapiga pweza juu ya jiwe ili nyama ilainike. Mkono ulishuka, kimya. Mkono ulipofika tena juu, ndipo mlio uliponifikia: pa! Alikuwa akipiga takriban pigo moja kila sekunde, kwa hiyo sauti ilichelewa kama nusu sekunde. Kwa joto la pwani yetu sauti husafiri hewani karibu mita 345 kwa sekunde. Basi kijana yule alikuwa mbali nami kama mita 170, na sikuhitaji kamba kupima.

Kwa nini ichelewe? Kwa sababu sauti si kitu kinachorushwa kama jiwe. Pweza anapopiga jiwe, hewa iliyo jirani inabanwa ghafla. Hewa hiyo iliyobanwa inaisukuma ya mbele yake, kisha inalegea. Ya mbele nayo inaisukuma inayofuata. Kinachosafiri ni mbano na ulegevu. Hewa yenyewe inatikisika mahali pake, mbele na nyuma, kama waumini waliosongamana kwenye foleni: wa nyuma akisukuma, msukumo unafika mlangoni ingawa yeye bado yuko nyuma. Hapo tuwe waangalifu na neno "wimbi". Wimbi la bahari tunaliona likipanda na kushuka, lakini wimbi la sauti hewani halipandi wala halishuki. Linabana na kulegea kuelekea kule kule linakokwenda.

Kubana huko ndiko fizikia inakokupima kwa kanieneo, yaani kani inayogandamiza kila kipande cha eneo. Kipimo chake ni paskali. Hewa iliyotuzunguka hapa usawa wa bahari inatugandamiza kwa paskali 101,000 hivi. Mtu akizungumza nawe kwa utulivu mita moja kutoka ulipo, sauti yake inaongeza na kupunguza kanieneo hiyo kwa takriban sehemu mbili tu za mia ya paskali moja. Sauti inayoanza kuumiza masikio ni kama paskali 20. Na sauti hafifu kabisa ambayo kijana mwenye masikio mazima anaweza kuisikia ni sehemu ishirini za milioni ya paskali moja. Nilipoziona tarakimu hizi mara ya kwanza nilidhani mchapaji amekosea.

Walioanza kuipima sauti kwa bidii wamo wanaovaa kanzu kama zetu. Marin Mersenne, padre wa shirika la Waminimi huko Ufaransa, alichapa mwaka 1636 kitabu kikubwa kuhusu muziki na sauti, na alipima mwendo wa sauti kwa njia ya mwangwi. Rafiki yake Pierre Gassendi, padre na mwanafalsafa, alilinganisha mlio wa mzinga na wa bunduki akaona kwamba mlio mzito na mwembamba husafiri kwa mwendo mmoja. Vipimo vyao havikuwa sahihi sana, lakini ugunduzi huo wa Gassendi umesimama mpaka leo. Usingekuwa kweli, kwaya yetu ingesikika vizuri mstari wa mbele tu. Waliokaa nyuma wangepata soprano kwanza na besi baadaye.

Wanafalsafa wenzangu watauliza: mti ukianguka katika msitu wa Kiwengwa na Pongwe bila mtu kuwepo, je, kuna sauti? Aristotle, katika kitabu chake juu ya nafsi, alikwishaona kwamba sauti inahitaji kinachopiga, kinachopigwa, na kitu kati yake na msikiaji. Akasema pia kwamba tendo la kinacholia na tendo la sikio linalosikia ni tendo moja. Kwa maoni yangu hilo bado ni jibu zuri. Mitikisiko ya kanieneo itakuwepo msituni hata asipokuwepo mtu. Kusikika kunangoja sikio.

Kwamba sauti na kanieneo ni jambo moja kulidhihirika vizuri tarehe 27 Agosti 1883, volkano ya Krakatau ilipolipuka Indonesia. Kisiwani Rodrigues, katika Bahari hii hii ya Hindi, umbali wa kilomita 4,800 hivi, watu walisikia kama mizinga ikipigwa mbali, saa nne hivi baada ya mlipuko. Gawanya mwenyewe: kilomita 1,200 kwa saa, ambazo ni mita 333 kwa sekunde. Na mahali ambapo hakuna sikio lililosikia chochote, vipimahewa duniani kote vilionyesha kanieneo ikipanda na kushuka wimbi lile lilipopita, tena zaidi ya mara moja, kwa kuwa liliizunguka dunia. Mawe mepesi ya volkano hiyo, yale yanayoelea, baadaye yalifika mpaka pwani ya Afrika Mashariki.

Sasa nifike kwenye jambo lililonifanya niandike. Jirani wa kaka yangu, kijana wa rika langu, huzamia pweza na kamba kwa miwani ya maji tu, bila mtungi. Siku nilipofika alikuwa ameinamisha kichwa upande mmoja. Siku tatu nyuma alizamia akiwa na mafua, akasikia maumivu, akajikaza, kisha kitu kikapasuka sikioni na dunia ikazunguka. Akatokwa na damu. Wenzake walimwambia amekutana na mashetani wa mwambani. Aliponiuliza mimi "niliyesoma", nilimwambia kwanza aende hospitali, nikajizuia kutoa mihadhara.

Hesabu yenyewe ni hii. Kila mita moja unayoshuka baharini inaongeza takriban paskali 10,000, na kwenye mita kumi kanieneo ni mara mbili ya ile ya ufukweni. Angalia basi: milimita mbili tu za maji zina paskali 20, sawa na sauti ya kuumiza! Mbona hatuumii tukiinamisha kichwa beseni? Kwa sababu sauti ni kanieneo inayobadilika upesi, mara 20 hadi 20,000 kwa sekunde, na ile ya maji imetulia. Lakini iliyotulia nayo ina hatari yake. Kiwambo cha sikio kina maji upande wa nje, na upande wa ndani kina hewa ya sikio la kati. Hewa hiyo hupata nyongeza kupitia kijia chembamba kinachotoka nyuma ya pua. Mafua yakikiziba, nje kanieneo inaongezeka na ndani inabaki ile ya ufukweni. Kiwambo kinasukumwa ndani, kinauma ndani ya mita moja au mbili za kwanza, na mkaidi akiendelea kushuka, kinaweza kuchanika.

Kikichanika, usikivu hupungua, kwa kuwa ni kiwambo hicho kinachoipokea sauti na kuwapa vijifupa vitatu, nyundo, fuawe na kikuku, ambavyo huipeleka kwenye majimaji ya sikio la ndani. Bila msaada huo sehemu kubwa sana ya sauti hugonga majimaji na kurudi hewani. Ndiyo sababu pia ukiwa chini ya maji humsikii anayekuita kutoka ufukweni, lakini injini ya boti unaisikia, tena kama inatoka pande zote. Majini sauti hukimbia takriban mita 1,500 kwa sekunde, hufikia masikio yote mawili karibu pamoja, na ubongo unashindwa kujua inatoka wapi. Mzamiaji ajue hili: akisikia injini, asikisie iko upande gani. Na wanaovua kwa baruti, licha ya kuvunja sheria, wajue wimbi la mlipuko hupasua kibofu cha hewa cha samaki, na mapafu na masikio ya mtu aliye majini yana hewa vilevile.

Daktari alimwambia kijana kwamba tundu ni dogo, kwamba matundu ya namna hiyo mara nyingi huziba yenyewe kwa wiki kadhaa, na kwamba asiingize maji wala asizamie mpaka apimwe tena. Alimfundisha pia la kufanya akirudi baharini: aanze kusawazisha mapema kabla ya maumivu, kwa kumeza mate au kwa kuziba pua na kupuliza taratibu, sikio likikataa, apande juu, na akiwa na mafua abaki nchi kavu.

Jioni yangu ya mwisho nilimkuta ufukweni, pamba sikioni, amekaa juu ya ngalawa iliyopinduliwa. Mdogo wake alikuwa majini hadi kifuani, ameziba pua, na yeye akimpigia kelele: "Polepole! Usilazimishe!"