Mwangwi wa Nuru Katika Shetri

Hapa Kawangware, Nairobi, taa za mji zimetufichia nyota nyingi ambazo ndugu zetu wa Lamu na Pate wangali wakiziona. Suheli, walakini, haikufichika. Mwezi wa Machi, usiku uingiapo, twaiona upande wa kusini, na juu yake, kuelekea mashariki, lipo kundi la nyota liitwalo Shetri. Kwani Wayunani wa kale walidhania pale pana jahazi zima.

Katika Shetri imo nyota isiyoonekana kwa macho matupu, nayo ni RS Puppis. Kila siku 41 na kidogo huvimba na kunywea, na mwangaza wake huzidi na kupungua. Imezungukwa na wingu la vumbi, alilolieleza Westerlund mwaka 1961.

Wingu hilo halina nuru yake lenyewe. Ni kama moshi wa fundi achomeleaye vyuma usiku kando ya barabara yetu: cheche ziwakapo, moshi hung'aa, zizimapo, moshi hauonekani. Lakini moshi wa fundi u karibu naye, na vumbi la nyota hii limetapakaa masafa ambayo nuru huyakata kwa miaka. Kwa hivyo mng'ao mmoja hulifikia vumbi la karibu kwanza, na la mbali baadaye sana. Atazamaye kwa darubini kubwa huona pete za mwangaza zikitanuka, hata akadhani vumbi lakimbia. Vumbi halikwenda popote. Ipitayo ni nuru.

Huu ndio mwangwi wa nuru, na faida yake si ndogo. Nyota za namna hii ndizo dhiraa ya kupimia masafa ya mbinguni, tangu Henrietta Leavitt alipoonyesha, mwaka 1912, kuwa zenye muda mrefu zaidi ndizo zenye nuru kubwa zaidi. Basi dhiraa yenyewe yataka kuhakikishwa, kwani mwenye duka akiwa na dhiraa fupi, kila nguo aliyoipima ina kasoro.

Mwaka 2008 Pierre Kervella na wenzake walihesabu kuchelewa kwa mwangwi huo, wakapata miaka ya nuru 6,500 hivi. Wengine walipinga, na kwa maoni yetu walikuwa na haki: vumbi lililo mbele ya nyota na lililo nyuma yake hayacheleweshi nuru sawasawa, na picha pekee haitambulishi lipi ni lipi. Ikabidi kuchunguza jinsi nuru ilivyoelekezwa na vumbi, kwa picha zilizopigwa na darubini ya Hubble mwaka 2010. Hesabu mpya, iliyotolewa mwaka 2014, ilikuwa miaka ya nuru 6,200 hivi, yenye shaka ya kama sehemu nne katika mia.