Somo la Afya: Shina la Mshipa Mkuu na Mlango wa Mnyama

Mwezi huu tujifunze habari ya moyo. Si moyo ule utajwao katika nyimbo, bali kile kipande cha nyama kilichomo kifuani, ambacho ukubwa wake ni kama ngumi ya mwenyewe. Watu huuliza, "Je, ni kweli kwamba mtu hutiwa mlango wa ng'ombe au wa nguruwe moyoni, naye akaishi?" Ni kweli. Walakini jibu la neno moja halimfai mtu wa Ujiji aliyekwisha kuandikiwa barua ya kwenda Dar es Salaam, kwa hiyo na tulitazame jambo hili polepole.

Moyo una milango minne, ambayo waganga huiita valvu, nayo kazi yake ni kuiacha damu ipite mbele na kuizuia isirudi. Damu itokapo upande wa kushoto hupita mlango wa mwisho na kuingia katika mshipa mkuu uitwao aota, ulio mama wa mishipa yote ipelekayo damu mwilini. Hapo aota ianzapo ndipo shina lake, na katika shina hilo hutoka mishipa miwili midogo inayoulisha moyo wenyewe. Shina likitanuka, mlango haufungi sawasawa, damu hurudi nyuma, na moyo huchoka kwa kufanya kazi mara mbili. Wengine huzaliwa na udhaifu huo, kama wenye ugonjwa wa Marfan, ambao mara nyingi ni watu warefu wenye vidole virefu. Wengine huupata kwa shinikizo la damu lisilotibiwa. Tena yako maradhi ya milango peke yake, nayo kwetu ni mengi: mtoto hushikwa na mafindofindo, yasipotibiwa huja homa ya baridi yabisi, na baada ya miaka milango imekakamaa na kukunjamana.

Mwaka 1968 wapasuaji wawili wa Uingereza, Hugh Bentall na Antony De Bono, walitangaza njia ya kuondoa shina lote: bomba la kitambaa lenye mlango ndani yake hushonwa mahali pa shina la kale, kisha ile mishipa miwili hushonwa kwenye bomba. Siku zile mlango ulikuwa wa kutengenezwa kiwandani. Lakini katika miaka hiyo hiyo Alain Carpentier wa Paris alikuwa akitafuta njia ya kutumia milango ya wanyama, akaitia dawa inayoikaza nyama isioze wala isikataliwe na mwili, karibu kama fundi wa ngozi afanyavyo. Leo hutumiwa mlango wa nguruwe, au ngozi nyembamba inayoufunika moyo wa ng'ombe.

Sasa, matokeo yake ni nini? Mgonjwa akiletwa mapema, katika hospitali zenye mazoea, kati ya watu 100 wapatao 95 au zaidi huivuka siku ya kupasuliwa na majuma yanayofuata. Lakini aota ikichanika ghafula ndipo mambo hugeuka, maana katika saa za kwanza hatari ya kufa huongezeka saa kwa saa, na kutoka Kigoma hata Dar es Salaam kwa reli ni kilometa 1,250 hivi, mwendo wa zaidi ya siku moja. Kwa sababu hiyo mwenye shina lililotanuka apimwe kila mara na kupasuliwa kabla halijachanika. Kungoja maumivu ni kungoja kupita kiasi.

Mwenye mlango wa chuma hudumu nao miaka mingi sana, lakini damu hupenda kuganda juu yake, basi hana budi kunywa dawa ya warfarini maisha yake yote na kupimwa damu mara kwa mara. Ikizidi, hutokwa damu. Ikipungua, donge huziba mlango au hukimbilia ubongoni. Hata mboga za majani, kama mchicha na kisamvu, hubadili nguvu ya dawa hiyo, kwa hiyo azile kwa kiasi kisichobadilika-badilika. Mlango wa mnyama kwa kawaida hauhitaji dawa hiyo daima. Lakini huchakaa: chokaa ya mwili huingia ndani yake, na kwa wazee hukaa miaka 10 hata 15, pengine zaidi, bali kwa vijana huharibika upesi zaidi, na kupasuliwa mara ya pili ni kazi ngumu kuliko ya kwanza.

Tuseme yuko msichana wa Kagunga mwenye miaka 20, aendaye mjini kwa mashua. Kwa umri wake vitabu vya waganga huelekea mlango wa chuma. Lakini ni nani atakayempima damu ziwa likichafuka? Naye akichukua mimba, warfarini yaweza kumdhuru mtoto tumboni. Kwa mtu wa namna hii, mimi naona mlango wa mnyama mara nyingi una haki ya kufikiriwa kwanza, maadamu ameelezwa waziwazi kwamba atarudi kupasuliwa. Mzee wa miaka 70 hana shaka kubwa hivyo.

Jirani zetu wengi wa Ujiji ni Waislamu, nao wana haki ya kujua mapema kama mlango ni wa nguruwe. Wako wanazuoni wao walioruhusu kwa ajili ya dharura, na uko wa ng'ombe pia. Mgonjwa na aulize kabla ya siku ile.

Safari yenyewe huanza katika hospitali ya Maweni, ambako mgonjwa hupewa barua. Taasisi ya Moyo Jakaya Kikwete, iliyosimama peke yake tangu mwaka 2015 katika eneo la Muhimbili, hupasua moyo na kubadili milango. Akisha kurudi nyumbani, apigwe picha ya moyo kila mwaka, asafishe meno yake kila siku, na kabla ya kung'olewa jino amwambie mganga kwamba ana mlango wa kutiwa, apate dawa ya kuzuia vijidudu. Homa isiyoisha kwa siku kadha isidhaniwe kuwa malaria tu. Damu yake ichukuliwe ipimwe kabla hajaanza kunywa dawa.