Dondoo muhimu: Kiingereza kwa njia ya filamu, ukiwa Tunduma

Mkazi wa Tunduma ana nafasi ambayo wengi hawana: akivuka mpaka tu yuko Nakonde, Zambia, ambako Kiingereza ndiyo lugha rasmi. Alichojifunza jioni anaweza kukitumia kesho yake.

Filamu iliyotafsiriwa na DJ kwenye kibanda umiza ina raha yake, lakini sauti ya mtafsiri huwafunika waigizaji. Tafuta yenye sauti halisi na maandishi ya Kiingereza chini.

Anza na hadithi ya jirani. *The Boy Who Harnessed the Wind* (2019) inatoka Malawi, ng'ambo ya Mto Songwe: ukame, njaa, karo, baba na mwana wanaovutana juu ya baiskeli. Mkulima wa mahindi wa Mbozi atayabashiri maneno kama *drought* na *harvest* kabla hajayasikia vizuri. Mahali pengine wanaongea Kichewa, usibabaike. *Queen of Katwe* (2016), ya binti wa Kampala na sataranji, inafaa pia, maana lafudhi yake haiko mbali na yetu.

Usimeze filamu nzima kwa mkupuo. Tazama tukio moja, lirudie bila maandishi, kisha lisimulie kwa sauti: *The main character wants… but… In the end…* Kiunzi hiki kinabeba mapenzi, kisasi, safari, hata ugomvi wa urithi. Majina ya kitaalamu kama *plot* na *cast* yatakuja yenyewe. Kusimulia ndiko kugumu, na ndiko kwenye faida.