Sebule Ndefu na Nyembamba: Panga Njia Kabla ya Makochi

 Huenda ukashangaa kuona leo tunazungumzia makochi na meza badala ya presha na sukari. Lakini wengi wetu hapa Uingereza tunaishi kwenye zile nyumba za zamani zilizojengwa ukuta kwa ukuta mtaa mzima, ambazo vyumba viwili vya chini vimeondolewa ukuta wa katikati vikawa sebule moja ndefu kama behewa la treni. Mbele kuna dirisha la barabarani, nyuma kuna mlango wa kwenda jikoni, na katikati ni giza. Wengine tuko kwenye fleti mpya ambazo jiko, meza ya kula na makochi vyote vimo ndani ya chumba kimoja kirefu chenye dirisha upande mmoja tu. Vyumba vya namna hii vikipangwa vibaya vinaumiza watu, na mara nyingi anayeumia ni yule mgeni tuliyemngoja kwa hamu, yaani mama au baba aliyetoka nyumbani kuja kukaa na wajukuu miezi michache.

Tuanze na mazoea yetu. Nyumbani tumezoea kuzungushia makochi ukutani, kuta zote, ili wageni watazamane na katikati pabaki wazi pa kutandika mkeka. Ni desturi nzuri kwenye sebule pana. Hapa haifai, na hesabu itakuonyesha kwa nini. Chukua sebule yenye upana wa mita 3.5. Kochi la kawaida lina kina cha karibu sentimita 95. Ukiweka safu mbili zinazotazamana umeshatumia mita 1.9, umebaki na mita 1.6. Weka meza ndogo ya katikati yenye upana wa sentimita 60, kila upande unabaki na nusu mita. Hiyo nusu mita ndiyo njia ya nyumba nzima! Hapo hatujahesabu miguu ya waliokaa, stuli, midoli ya watoto na waya wa chaja ya simu.

Sasa fikiria bibi wa miaka sabini na kitu anayeamka usiku kwenda chooni. Katika nyumba nyingi za aina hii choo kipo chini, nyuma ya jiko, kwa hiyo atashuka ngazi kisha atapita sebule yote kutoka mwanzo hadi mwisho. Hataki kuwasha taa kwa sababu kuna kijana amelala kwenye kochi. Anapapasa. Mguu unanasa kwenye ncha ya zulia, na kona ya meza inamsubiri. Mfupa wa nyonga ukivunjika katika umri huo ni upasuaji, na wengi hawarudi kutembea kama walivyokuwa. Ikitokea mzee ameanguka na analalamika nyonga au hawezi kusimama, msimnyanyue kwa nguvu. Mfunikeni apate joto na pigeni 999.

Ndiyo maana nasema kwenye sebule ndefu kitu cha kwanza kupanga ni njia. Chukua tepu ya kupimia, simama kwenye mlango wa kuingilia, tazama mlango wa jikoni, na uamue watu watapita wapi. Njia iwe moja, iliyonyooka, ifuate ukuta mmoja kutoka mwanzo hadi mwisho, na upana wake uwe sentimita 90. Kwa upana huo mtu mwenye mkongojo au fremu ya kutembelea anapita bila kugeuka kiubavu, na mama mwenye mtoto mgongoni anapita pia. Ukitaka kuona vizuri, bandika tepu ya karatasi sakafuni upande wa njia, na uape kwamba hakuna kitu kitakachovuka mstari huo, hata viatu.

Njia ifuate ukuta upi? Katika nyumba nyingi za zamani milango ya sebule iko upande wa korido ya ngazi, na bomba la moshi la zamani, lile lililojitokeza ukutani, liko upande wa jirani. Basi njia ipite upande wa milango, na mahali pa kukaa pawe upande wa bomba. Hapo ndipo watu wengi wanapokwama, maana wanauliza, kochi nitaliegemeza wapi? Jibu langu ni kwamba usiliegemeze popote. Liweke mgongo wake ukiwa kwenye njia, uso ukielekea ukuta wa bomba la moshi, na nyuma yake uache zile sentimita 90. Televisheni iingie kwenye kile kishimo kilicho kando ya bomba. Piga hesabu tena: 3.5 toa 0.9 ya njia, toa 0.95 ya kochi, unabakiwa na mita 1.65 mbele ya kochi, na macho ya aliyekaa yako karibu mita mbili kutoka kwenye televisheni. Inatosha kabisa. Watu wanapita nyuma ya kochi badala ya kuruka miguu ya waliokaa, na hakuna anayekata mpira wakati Simba na Yanga wako uwanjani, jambo ambalo nalo lina faida yake kwa presha za baadhi yetu.

Meza ya katikati iondoe. Najua itaumiza, hasa kama ni ile ya kioo iliyonunuliwa kwa bei. Lakini katika chumba chembamba meza ya kioo yenye kona kali ni hatari kwa mzee na ni hatari kwa mtoto anayejifunza kutembea. Weka vimeza viwili vidogo pembeni mwa kochi kwa ajili ya chai. Eneo la wazi linalobaki ndilo la mkeka au jamvi. Zulia dogo likitumika, liwe na mpira wa kuzuia kuteleza chini yake na kona zake zisijikunje, na lisiingie kwenye njia.

Kwa kuwa katikati ya sebule hizi ni giza hata saa sita mchana wa Desemba, mwanga ni sehemu ya njia. Vile vitaa vidogo vya kuchomeka ukutani vinavyowaka vyenyewe giza likiingia ni vya bei nafuu. Kimoja karibu na ngazi, kimoja katikati, kimoja kwenye mlango wa jikoni, na bibi haina haja tena ya kumwogopa kijana aliyelala. Usivushe waya wa taa au wa ekstensheni sakafuni, na usiupitishe chini ya zulia. Waya unaokanyagwa chini ya zulia unachubuka na unaweza kuwasha moto bila mtu kuona.

Na mzee akae wapi? Asiwekwe kwenye kochi lile laini la kuzama, ambalo kuinuka kwake ni vita. Mpe kiti chenye mikono na kikalio kigumu kidogo, urefu wa kama sentimita 45 hadi 50 kutoka sakafuni, kulingana na kimo chake. Akikaa, nyayo zote ziguse chini na magoti yasiwe juu kuliko nyonga. Kiti hicho kikae karibu na dirisha la mbele aone watu na magari, maana upweke wa wazee wetu huku ni ugonjwa pia. Ila msidanganyike kwamba jua la dirishani linampa vitamini D. Kioo kinazuia miale inayohitajika. NHS inashauri watu wenye ngozi nyeusi kama sisi wafikirie kutumia kidonge cha mikrogramu 10 kila siku mwaka mzima.

Kama mzee ni mkaazi na siyo mgeni wa viza, muombe kaunsili ije kumkagua nyumbani. Kwa Uingereza yenyewe, yaani England, vifaa vya kumsaidia na marekebisho madogo yasiyozidi pauni 1,000, kama vyuma vya kushika au vitu vya kuinulia kiti, hutolewa bure kwa aliyekaguliwa na kuonekana anastahili. Wengi wetu hatuombi kwa sababu hatujui.

Tugeukie kuta. Kuta ndefu za nyumba hizi zinagusana na jirani au korido, kwa hiyo zina joto. Kuta za baridi ni zile fupi za mbele na nyuma, zinazopigwa na mvua na upepo. Ukilisukuma kochi au kabati la nguo likagandamana na ukuta wa baridi, hewa haipiti, unyevu unatua nyuma yake, na baada ya majira ya baridi moja utakuta kuvu mweusi. Kuvu hiyo ni mbaya kwa mtu mwenye pumu, kwa watoto wachanga na kwa wazee. Mwezi Desemba 2020 mtoto Awaab Ishak, ambaye alikuwa na miaka miwili tu, alifariki huko Rochdale, na mwaka 2022 uchunguzi rasmi ulithibitisha kwamba chanzo kilikuwa kuishi muda mrefu ndani ya nyumba yenye kuvu. Wazazi wake walikuwa wamelalamika mara nyingi. Wahamiaji kama sisi, kutoka Sudan.

Acha nafasi ya kiganja kati ya fanicha na ukuta wa nje, ikiwezekana sentimita 10. Redieta, yale mabati ya kupashia nyumba joto, mara nyingi iko chini ya dirisha la mbele, na ndipo wengi tunapoweka kochi kubwa. Hapo unalipa gesi ili kulipasha kochi joto, huku chumba kikibaki baridi. Pazia nalo lisiifunike redieta. Shirika la Afya Duniani, WHO, linasema nyumba isishuke chini ya nyuzi joto 18 wakati wa baridi. Nguo mbichi za mzigo mmoja wa mashine zinaweza kumwaga karibu lita mbili za maji hewani, kwa hiyo kianikio kisisimame katikati ya sebule na madirisha yakiwa yamefungwa. Kiweke karibu na dirisha lililofunguliwa kidogo. Na kwenye zile fleti ambazo jiko limo humo humo, washa feni ya kutolea mvuke tangu maharage yanapoanza kuchemka, usingoje kioo kitoke jasho.

Ikiwa kuvu inarudi hata ukiwa umefanya yote hayo, kosa si lako wala si la pilau yako. Piga picha, andika barua pepe kwa mwenye nyumba, tunza nakala. Kwa nyumba za kaunsili na za mashirika ya nyumba huko England, sheria iliyopewa jina la mtoto yule, Awaab's Law, ilianza kutumika tarehe 27 Oktoba 2025. Hatari ya dharura ishughulikiwe ndani ya saa 24, na unyevu au kuvu ya kiwango kikubwa ichunguzwe ndani ya siku 10 za kazi. Aliyepanga kwa mtu binafsi apeleke malalamiko kwa idara ya afya ya mazingira ya kaunsili yake.

Moto sasa. Chumba kirefu kilicho wazi hakina mlango wa kuzuia moshi katikati, ukianzia jikoni unafika mbele kwa haraka sana. King'ora cha moshi kiwepo, kifanye kazi, na kisivuliwe betri kwa sababu ya kukaanga samaki. Hita ya kuchomeka ikae angalau mita moja kutoka kwenye pazia, kochi na nguo, na isiachwe ikiwaka watu wamelala. Kama kuna moto wa gesi kwenye bomba la zamani, usiweke kabati mbele yake wala kuziba matundu ya hewa, na ukaguliwe kila mwaka na fundi aliyesajiliwa na Gas Safe. Nyumba ya kupanga, ukaguzi huo ni juu ya mwenye nyumba. Chetezo cha udi kina mkaa wa kweli ndani yake. Kiweke juu ya sahani pana, mbali na pazia na watoto, dirisha likiwa wazi, na ukimaliza kizime kwa maji. Jiko la mkaa lenyewe lisiingie ndani kabisa, hata kama umeme umekatika, kwa sababu gesi ya kaboni monoksaidi haina harufu na inaua watu usingizini.

Wenye watoto wadogo, kabati refu na televisheni vifungwe ukutani kwa mikanda au vyuma, vitu vizito vikae droo za chini. Kama ni nyumba ya kupanga, omba ruhusa ya kutoboa ukuta kwa maandishi. Kamba za mapazia ya kuvuta zifungwe juu, mtoto asizifikie shingoni.

La mwisho ni godoro la mgeni. Nyumba zetu hazikosi mtu aliyefika juzi na hana pa kulala, na hakuna anayetaka kumfukuza. Alale upande wa mbele, mbali na jiko, godoro likiwa sambamba na njia na si kuikata. Aonyeshwe usiku wa kwanza ufunguo wa mlango wa mbele unatundikwa wapi, na kochi la kukunjua likunjuliwe mara moja mchana ili mpime kama zile sentimita 90 bado zimebaki. Zikipungua, geuza kochi au hamisha kabati la vyombo.