Mlango wa Ijara: Ujira Uliozuiliwa ni Deni

Bismillahi Rahmani Rahim.

Jua, ewe ndugu, ya kuwa ijara ni mapatano ya kuuza manufaa kwa badala inayojulikana, na mwanzoni mwa Sura ya Maida Mwenyezi Mungu ameamrisha mapatano yatimizwe. Mtumishi akiisha kuifanya kazi yake, ujira wake huwa ni deni katika dhima ya tajiri, sawasawa na thamani ya bidhaa aliyoikopa dukani. Si sadaka, wala si hisani ya kuombwa kwa unyonge. Katika hadithi aliyoipokea Imamu Bukhari kwa Abu Huraira, mwenye kumwajiri mtu akatimiziwa kazi, kisha asimpe ujira wake, ametajwa pamoja na aliyemuuza mtu huru akala thamani yake. Na hasimu wao Siku ya Kiyama ni Mwenyezi Mungu mwenyewe. Basi na atazame tajiri ni nani atakayeshindana naye.

Chukua mfano wa kijana wa pwani aliyekwenda Musoma, akaingia katika mashua za dagaa, ambao huvuliwa usiku wa giza kwa taa. Akaambiwa atapata fungu katika mapato. Mbalamwezi ilipotoka na kazi ikasimama, akataka hesabu; tajiri akasema mafuta na nyavu zimekula yote. Hapa pana ilimu ambayo wengi wameiacha. Katika madhehebu ya Imamu Shafi ni sharti ujira uwe maalumu. Na Imamu Nawawi katika Minhaj ametaja kuwa haisihi kumwajiri mtu achune mnyama kwa ngozi yake, wala asage nafaka kwa sehemu ya unga wake. Fungu la samaki ambao hawajavuliwa bado ni la namna hiyo hiyo. Walakini ijara ikifisidika, haki ya mtumishi haifisidiki: atapewa ujira wa mfano, yaani kadiri wanayolipwa watu mfano wake kwa kazi mfano wa hiyo, ijapokuwa ziwa halikutoa kitu. Na lililo bora ni kutaja tangu mwanzo fedha kadhaa kwa usiku au kwa mwezi, na kuandika.

Ama aliye katika kinu cha pamba Bunda, au katika machimbo ya dhahabu ya Buhemba huko Butiama, naye ametajiwa mshahara maalumu, jambo lake ni jepesi zaidi.

Suala: Je, yafaa mtumishi huyu achukue nyavu au taa za tajiri kwa siri, kadiri ya haki yake?

Jawabu: Wanavyuoni wa Kishafi wamelijadili jambo hili, nalo huitwa masala ya dhafar. Wamemruhusu mwenye deni kuchukua katika mali ya anayemkana, hali hana ushahidi, kadiri ya haki yake bila ya kuzidisha, na kwanza katika jinsi ya haki yake: fedha kwa fedha. Asili yake ni ruhusa ya Mtume (s.a.w.) kwa Hindi, mke wa Abu Sufiani, kuchukua ya kumtosha yeye na mtoto wake. Walakini ni nani leo atakayemwona mchukuzi wa nyavu kuwa mdai, asimwone mwizi? Atafungwa, na deni lake lisahauliwe. Panapohofiwa fitina, njia ni kwenda kwa mwenye hukumu.

Na hapa ndipo watu wengi wa dini wanapopotewa. Tajiri husema kesho, na mtumishi husema nasubiri. Nabii Yakubu alisubiri subira njema, na juu ya hivyo aliwaamrisha wanawe waende wakamtafute Yusufu. Katika Tanzania Bara kadhi hana mamlaka ya kumlazimisha tajiri kulipa mshahara; madai hayo hupelekwa Tume ya Usuluhishi na Uamuzi, nayo ina ofisi Musoma. Kwa kanuni za mwaka 2007, dai la mshahara lipelekwe kabla ya kupita siku 60 tangu ugomvi ulipotokea; na ugomvi wa kuachishwa kazi, siku 30. Aliyechelewa hana budi kuomba ruhusa na kueleza sababu. Wala asiogope kwa kuwa hana karatasi: kwa Sheria ya Ajira na Mahusiano Kazini ya mwaka 2004, tajiri akishindwa kuleta mkataba wa maandishi, mzigo wa kuthibitisha sharti linaloshindaniwa humwangukia yeye.

Tume huanza kwa sulhu. Basi azingatie mtumishi ya kuwa kwa Imamu Shafi sulhu juu ya kukana haisihi. Tajiri akisema, Sikudai kitu, lakini shika nusu uende zako, nusu hiyo haimtoi katika dhima ya mabaki. Kwanza na akiri deni lote. Akiisha kukiri, mtumishi akipenda kwa radhi ya moyo wake amsamehe sehemu, msamaha huo ni sahihi. Na tajiri akiwa ni mwenye dhiki ya kweli, apewe muda mpaka wepesi, na tarehe iandikwe.